Dhambi ya Kipimo cha Tisa

Kwa mwaka mzima wa mwisho pale chuoni Mbale, tulichambua kipande cha muziki ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisikia. Mwalimu mwenyewe alikuwa hajakisikia. Hilo halikumsumbua. Alisema muziki wa karne hii si wa masikio, ni wa akili, na mwenye akili anausoma akiwa ameketi kimya kama anavyosoma gazeti. Ilikuwa nafuu kwake kuamini hivyo, maana piano ya chuo ilikuwa imeliwa mguu mmoja na mchwa, inaegemea matofali, na mvua za mlimani zilikuwa zimevimbisha vibao vyake kiasi kwamba ukibonyeza kimoja vinashuka vitatu, kisha vinakataa kurudi mpaka uvivute kwa kucha.

Tulikuwa wanafunzi saba wa ualimu wa muziki. Sita walitaka kujua kuongoza kwaya ili warudi kwao wakaoe au waolewe. Wa saba nilikuwa mimi, binti wa dereva wa lori kutoka Kenya, mzaliwa wa Jinja, mwenye mdomo. Mwalimu alinipenda kwa sababu nilimbishia. Nami nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee niliyemjua ambaye, nchi ikiwa mikononi mwa jeshi na kipande cha sabuni kikiwa habari ya kusimuliana, aliweza kukasirika siku nzima kwa ajili ya noti moja.

Alikuwa mwembamba, mtu wa huko huko milimani, hatoki nje bila tai. Alisoma Ulaya miaka mitatu, na wakati wenzake walirudi na redio, yeye alirudi na sanduku la mbao lililojaa karatasi. Walimu wengine walikuwa wakitoweka mmoja mmoja, baadhi kwa kuvuka mpaka, baadhi bila sisi kujua wamepelekwa wapi. Yeye alibaki. Alituambia kwamba hajasikia popote duniani mtu akikamatwa kwa ajili ya muziki wa Mjerumani aliyekwisha kufa. Aliyasema hayo kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, akiangalia dirishani.

Kanuni ya muziki ule ni rahisi kuliko sura yake. Katika muziki wa zamani, alisema mwalimu, noti moja ndiyo mkubwa. Nyingine zote huzunguka, hupiga kelele, hujipendekeza, lakini wimbo ukikaribia kwisha ni lazima zirudi kumsujudia. Hapo sote saba tulitazama madawati yetu. Hatukuhitaji mfano. Kisha, mwanzoni mwa karne hii, wakaja Wazungu fulani wakasema basi, mkubwa hakuna tena. Noti ziko kumi na mbili, zote sawa, na hakuna itakayosikika mara ya pili mpaka zote zilizobaki zipate zamu. Mwenzetu mmoja akauliza kama ni sawa na foleni ya sukari, kwamba hupati kilo ya pili mpaka kila mtu amepata ya kwanza. Mwalimu alikunja uso. Lakini tangu siku hiyo ule mpangilio wa noti kumi na mbili tuliuita foleni, na baada ya wiki mbili yeye pia akawa anauita hivyo. Tofauti ni kwamba foleni ya Wajerumani ilifuatwa.

Foleni hiyo unaweza kuianzia mwisho ukarudi mwanzo. Unaweza kuipindua, palipopanda pashuke na paliposhuka papande. Unaweza kuipindua na kuirudisha nyuma kwa pamoja, na kuianzisha kwenye noti yoyote upendayo. Ukiziandika zote kwa namba unapata jedwali la miraba mia moja arobaini na nne, namba tupu, na kazi ya mchambuzi ni kukaa na jedwali hilo kushoto kwake na karatasi za muziki kulia, akisaka foleni ipi imepita wapi na imejificha nyuma ya nini. Ni kazi ya kichaa na niliipenda mno. Nilikuwa nimepanga chumba Namakwekwe, mtaa wa hapo Mbale, na nikiwa nafua nguo uani nilikuwa naimba foleni kutoka noti ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Mama mwenye nyumba alivumilia siku tatu. Ya nne akaniletea majani ya kuchemsha kwa ajili ya kifua.

Sasa dhambi yenyewe. Kipande chetu kilikuwa cha piano, kurasa nne, na kitabu chake hatukuwa nacho. Mwalimu alikinakili kwa mkono katika maktaba ya huko alikosoma, kwa kuwa kukinunua hakuweza, na nakala hiyo ndiyo aliyorudi nayo sandukuni. Sisi tulinakili kutoka kwake, ukurasa kwa ukurasa, kila kipimo mahali pake. Muziki hugawanywa katika vipimo, vile vijumba vidogo ambamo noti hufungiwa kati ya mstari wa wima na mwenzake. Katika kipimo cha tisa noti ya B ilisikika mara mbili, na B flati, jirani yake wa chini, ambayo huandikwa kama B yenye alama ndogo ya flati mbele yake, haikusikika kabisa. Mmoja ameruka foleni na mwingine ameachwa nje. Katika kipande kizima, ni hapo tu.

Mwalimu aliliita jambo hilo dhambi, na aliitunza kama watu wanavyotunza dhambi zao. Kwa miaka sita alikuwa akiandika kitabu juu ya kipimo hicho kimoja. Alisema mtunzi alijiwekea sheria kali kisha moyo ukamshinda kwa sekunde mbili, akashindwa kuitaja noti moja, na ile B flati iliyokosekana ndiyo yote aliyotaka kusema. Alisema ni kama nyumba ambamo jina la mtu fulani halitajwi tena. Akifika hapo sauti yake ilibadilika, nasi tulijua hatuzungumzii Mjerumani. Chuo kizima kilijua kwamba kaka yake aliingizwa kwenye gari mchana kweupe mbele ya soko na hakuonekana tena.

Mtihani wa somo lake ulikuwa kuandika kurasa arobaini juu ya kipande kile. Chuo kilikuwa na nafasi moja ya msaidizi wa muziki, na mwalimu ndiye angependekeza wa kuichukua. Watakaokosa wangerudi kwao. Kwangu mimi kurudi kwetu kulikuwa na maana ya kiwanda cha nguo cha Jinja, ambako mama yangu alikuwa akikunja vitambaa, na tayari alikuwa amenizungumzia kwa msimamizi wake. Mama aliona amenifanyia jambo kubwa, na kweli lilikuwa kubwa. Lakini nafasi ile ya Mbale niliitaka kuliko kitu chochote.

Tulipewa likizo ya kuandika, nikaenda Jinja. Sasa baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa kuhusu watoto wake. Wiki hiyo hiyo, kwenye foleni ya dizeli, alikutana na sajini wa bendi ya jeshi, mtu wa kaskazini, aliyekuwa analalamika kwamba nyumba aliyopewa ina piano na hakuna wa kuipiga. Ilikuwa nyumba ya familia ya Kihindi iliyoondolewa nchini pamoja na wenzao, na piano haikuingia kwenye sanduku. Baba, bila kufikiri, akasema binti yangu anapiga.

"Wewe lete yeye Jumamosi," sajini akamwambia.

Baba alirudi nyumbani uso umempauka. Mama alimgombeza siku mbili. Binti hakuwa akienda nyumbani kwa mwanajeshi miaka ile, na kama amealikwa hakuwa akikataa pia, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya ila kulaumiana. Mimi niliogopa kama mtu yeyote. Ila chini ya hofu kulikuwa na sauti ndogo isiyo na haya iliyokuwa inaniambia, piano, piano nzima yenye miguu minne, na wewe una kurasa nne ambazo hujawahi kuzisikia.

Jumamosi saa nne asubuhi baba alinisindikiza. Alikuwa amevaa koti lake la mazishi na mkononi ameshika spana ya magurudumu aliyoifunga kwenye gazeti, kana kwamba ni samaki. Alikataa kiti. Alikaa kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akaniambia, "Mama, piga haraka twende." Baba alikuwa ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Sajini hakuwa yule niliyemtarajia. Alikuwa mnene, amevaa fulana na kandambili, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alikuwa mezani ananakili. Bendi ilikuwa na wapigaji thelathini na kitabu kimoja, na kila mpigaji lazima awe na karatasi yake yenye sauti yake, kwa hiyo kwa miaka kumi na tano mtu huyu alikuwa anaandika muziki kwa mkono, tarumbeta ya kwanza, tarumbeta ya pili, klarineti, ngoma. Karatasi za muziki hazikuwepo nchini. Alitumia fomu za jeshi za kuombea mablanketi, ambazo walikuwa nazo rundo zima, mablanketi yenyewe hawana. Mbele ya fomu kulikuwa na nembo na muhuri wa kambi. Nyuma kulikuwa kweupe, na hapo alichora mistari mitano mitano kwa rula, akaweka noti zake, nyeusi, za mviringo, zimesimama wima kiasi kwamba nilisahau kuogopa.

Mke wake aliondoa beseni la karanga juu ya piano. Nikaketi, nikapiga kurasa zote nne.

Niseme ukweli. Kitu nilichokijua mwaka mzima, kila noti, kila foleni na mahali inapojificha, nilipokisikia sikukielewa hata kidogo. Kilisikika kama paka anayetafuta kitu alichokiangusha. Mke wa sajini alitoka jikoni akasimama na kikombe mkononi. Baba alikohoa.

"Piano naharibika?" sajini akauliza.

"Hapana, afande. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani naandika?"

"Mjerumani mmoja."

"Yeye iko wapi?"

"Alikufa."

Sajini alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayeona hilo ni sawa. Kisha akavuta kiti karibu na kuniuliza kanuni ni ipi, kwa sababu hata uchafu, alisema, una kanuni yake. Nikamweleza foleni. Nilimwona akibadilika. Alitoa kiberiti, akapanga njiti kumi na mbili juu ya kifuniko cha piano, akaniambia nipige polepole tangu mwanzo, na kila noti ikipita aliondoa njiti yake. Zikiisha alizirudisha zote tukaanza foleni nyingine.

"Hii ni gwaride," akasema. Alikuwa anafurahi kama mtoto. "Kila mtu na nafasi yake. Nzuri sana hii."

Tulikwenda hivyo mpaka kipimo cha tisa. Hapo mkono wake ukasimama hewani.

"Huyu napita mara mbili," akasema, akagusa mahali ambapo njiti ya B ilikuwa imeshaondoka. Kisha akaiinua njiti moja iliyobaki juu ya kifuniko. "Na huyu hapana pita. Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, dhambi, sheria, moyo uliomshinda mtunzi, jina lisilotajwa. Baba kizingitini aligeuza kichwa, maana hakuwa amejua kwamba ndicho ninachosomea. Sajini alisikiliza hadi mwisho kwa heshima, akifuta miwani kwa fulana.

"Nani nakopi hii?"

"Mwalimu wangu, nami nikafuata yake."

Alichukua ukurasa wa kwanza na wa pili akaziweka ubavu kwa ubavu. Kipimo cha nane kilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa kwanza. Cha tisa kilikuwa juu kabisa ya ukurasa wa pili.

"Yeye nageuza karatasi," akasema. "Mkono nageuza, macho nasahau. Noti nakumbuka, flati naanguka. Mimi napigia vijana yangu kelele kila wiki kwa hii kitu. Hapana kosa ya Mjerumani, binti. Kosa ya karani."

Nilimbishia. Nilimbishia mwanajeshi sebuleni kwake, kwa sauti ya juu, nikigonga ukurasa kwa kidole, hadi baba akainuka na spana yake bila kujua ampige nani. Nilikuwa na hasira ambayo sijui niiite nini. Mwaka mzima tulikuwa tumelia juu ya kipimo kile. Yule mwenzetu wa foleni ya sukari alikuwa ameandika shairi. Na hapa mtu mwenye kandambili ananiambia kwamba jambo zima ni alama ndogo iliyomponyoka mtu aliyechoka akigeuza ukurasa.

Sajini hakukasirika. Alitoa klarineti yake kwenye kasha, akailowesha mdomo, akapiga kipimo cha nane na cha tisa, na mara hii akaweka B flati mahali pake. Ilikaa. Sina neno jingine. Kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia foleni ikipita kwa masikio yangu, mtu baada ya mtu, na wa mwisho akaingia. Nilifurahi sana, na furaha hiyo ilipotulia nikamkumbuka mwalimu, nikaona aibu.

Kabla hatujaondoka alinakili vile vipimo viwili nyuma ya fomu ya mablanketi, vimesahihishwa, kwa mwandiko wake ule wa kiaskari. "Pelekea mwalimu," akasema. "Ambia yeye, hii kosa iko kwa kila mtu. Mimi pia." Kisha akauliza kama mwalimu ana gwaride nyingine kama ile, angependa kuziona. Mkewe alitupa karanga za kwenda nazo.

Niliandika kwa wiki mbili. Najua kuna watu watakaosema hapakuwa na la kuamua, ukweli ni ukweli. Hao hawakuwa na mama anayekunja vitambaa. Nikiandika dhambi, nafasi ilikuwa yangu, maana hakuna aliyeijua dhambi ile kuliko mimi. Nikiandika kosa la karani, nilikuwa namwambia mtu anayeshika kalamu ya kunipendekeza kwamba miaka sita yake iliangukia kwenye pindo la karatasi. Niliandika kosa la karani. Si kwa ushujaa. Nilikuwa nimekwisha kusikia B flati ikiingia, na kila nilipojaribu kuiandika haipo, mkono ulikataa.

Nilithibitisha kwa jedwali, foleni kwa foleni, kwamba ilikuwa na haki ya kuwa pale. Kurasa mbili za mwisho niliziandika kwa ajili yake, si kwa mtihani. Nilimwandikia kwamba noti ile haikuachwa nje. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza, katika nafasi yake, imehesabiwa pamoja na wenzake, na kama haikuonekana kwetu ni kwa sababu mkono mmoja ulichoka njiani. Nilimwandikia kwamba aliyekosekana hakusahauliwa na aliyempanga. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sijui kama niliandika vizuri, lakini nililia nikiandika, na mimi si mtu wa kulia.

Baba alinirudisha Mbale kwa lori. Karibu na Busiu kulikuwa na kizuizi. Askari alifungua bahasha yangu na jambo la kwanza aliloliona ni jedwali, namba mia moja arobaini na nne bila neno hata moja.

"Hii namba ya nini?"

"Ni muziki, afande," nikasema.

"Muziki iko na namba?"

Akamwita mwenzake. Mwenzake akaita wa tatu. Niliwaelewa, kwa sababu nilitazama jedwali langu kwa macho yao nikaona kwamba hata mimi ningemkamata mtu mwenye karatasi ile. Baba aliingiza mkono kwenye bahasha, akachomoa fomu ya mablanketi, akaiweka juu ya kila kitu, upande wa nembo na muhuri. Askari aliutazama muhuri. Akarudisha kila kitu ndani ya bahasha taratibu, kwa mikono miwili, na kusema, "Pita."

"Usiitoe mpaka ufike," baba akaniambia tulipokuwa tumeshapita migomba ya mwisho.

Nilifika. Na sikuitoa. Hapa ndipo ningependa kusema nilisahau, lakini sikusahau. Nilitaka mwalimu, kabla hajasoma neno langu hata moja, aanze na mwandiko wa yule sajini, aone mtu anayejua kunakili ananakili vipi. Ulikuwa ubishi wangu tu, ule ule aliokuwa akiupenda. Upande upi uko juu sikuangalia. Nilimkabidhi bahasha mlangoni kwake Ijumaa alasiri, akaipokea akitabasamu, akasema ana hamu ya kuona nimefanya nini na kipimo cha tisa. Niliondoka nikiruka madimbwi.

Jumatatu hakuja darasani. Jumanne mkuu wa chuo aliniita, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole wa ajabu kama nina ndugu jeshini. Nikasema sina. Akanipa bahasha yangu. Juu ya jalada mwalimu alikuwa ameandika mia kwa mia, na pamoja nayo kulikuwa na barua fupi kwa mkuu, kwamba nafasi ya msaidizi nipewe mimi, mara moja, na kwamba hana pingamizi lolote juu yangu na hajawahi kuwa nalo.

Nilikwenda nyumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi. Uani kulikuwa na jivu la karatasi, jingi, na pembeni vipande ambavyo moto haukuvimaliza, vyenye mistari mitano na namba kwa mwandiko wake. Jirani alisema alimwona Jumamosi asubuhi akipanda njia ya mlimani inayokwenda upande wa Kenya, amevaa tai.

Mtu aliyetufundisha kupindua kila kitu, kukirudisha nyuma, kukipindua tena, hakuipindua karatasi moja. Alifungua bahasha, akaona nembo na muhuri wa kambi ya Jinja juu ya kazi ya mwanafunzi wake mbishi, naye alikuwa na kaka aliyeingizwa kwenye gari. Mwalimu wangu alihama nchi kwa sababu ya fomu ya kuombea mablanketi. Nimesimulia kisa hiki mara nyingi na watu hucheka hapo, nami huwaacha wacheke, kwa sababu kinachekesha.

Nafasi nilipata. Nikafundisha foleni kwa wanafunzi waliotaka kwaya, mbele ya piano ya miguu mitatu. Kila nilipoingia chumba cha walimu mazungumzo yalikatika. Mama alipewa msichana mwingine wa kukaa naye kwenye meza ya kukunjia.

Mwaka uliofuata baba alikuja na habari kwamba amemwona mwalimu, ng'ambo ya mpaka, kwenye shule moja ya njiani anakotua mzigo. Anafundisha hesabu. Nilimpa baba kazi yangu, bila fomu, nikamwambia ampe mkononi, na amwombe asome kurasa mbili za mwisho tu, nyingine aziache.

Alirudi baada ya siku nne. Aliweka bahasha juu ya meza, akaketi, akavua kofia.

"Hakuwepo?" nikauliza.

"Alikuwepo. Nilimtajia jina lako." Baba alikuwa anaitazama kofia yake. "Alisema hamjui mtu huyo. Alisema yeye hajawahi kufundisha muziki. Mama, yule mtu alikuwa anarudi kinyumenyume. Nikaona nisimlazimishe."

Nilipobaki peke yangu niliitoa kazi nikaanza kuifunua. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa wino mwekundu, alisahihisha hata barua tulizomwandikia kuomba ruhusa ya ugonjwa. Nilipita ukurasa hadi ukurasa nikitafuta alama moja, hata mstari mdogo pembeni. Hakukuwa na kitu; mia kwa mia ile aliitoa bila kusoma. Mwishoni, pale nilipobandika jalada la nyuma kwa uji wa muhogo, uji ulikuwa umevuja na kuzigandisha kurasa zile mbili, na zilikuwa bado zimegandana vile vile. Nilichukua kisu nikazitenganisha mwenyewe, na maneno mengi yalibaki upande mmoja yakachanika.